Kreti ya Piano

Mwaka ule Hazina ilinikabidhi jedwali
na mashine ya kuhesabu, ya kukorogwa kwa mkono kama cherehani.
Umri, mara mshahara, mara miaka ya utumishi,
kisha mstari mwekundu, kisha fidia.

Fidia ya nini? nilimuuliza Bwana Mascarenhas, karani mkuu.
Akafuta miwani. "Ya matarajio.
Mtu alitarajia kuwa Disii hadi mvi zimjae.
Sasa bendera inamkatiza. Matarajio yana bei."
Yeye mwenyewe, Mgoa, miaka ishirini na sita ofisini,
hakuwa na jedwali. Alikuwa na binti huko Pangani
na pasipoti asiyojua aipeleke wapi.

Nikajifunza kwamba utamu wa jedwali uko katikati:
kijana mno, utapata kazi nyingine;
mzee mno, ungeondoka tu.
Arobaini na moja ndiyo asali.
Wa umri huo waliingia wakinukia sabuni,
wakauliza kwa upole kama mkataba umetiwa saini,
kama pensheni italindwa,
kama shilingi mpya itakuwa na uzito wa ile ya zamani.
Imelindwa, bwana. Imeandikwa.
Nikakoroga.

Mafaili yaliletwa na Ndolo wa Mbuvi, tarishi,
kofia nyekundu, miguu iliyozijua ngazi gizani.
Miaka ishirini na minane.
Siku moja ya mvua, chai ya saa nne ikipoa,
nilitafuta kadi yake: "kibarua wa siku."
Maana yake, kila jioni saa kumi na moja alifutwa kazi,
na kila asubuhi saa mbili akaandikwa upya,
mara elfu nane na zaidi,
bila yeye kujua.
Mtu wa namna hiyo hana matarajio. Sheria haimwoni.
Sisi tuna neno letu, kiinua mgongo.
Nilimtazama akiinama kuokota faili la Bwana Hathersage,
mkono mmoja kiunoni.
Neno zuri. Mgongo wake haukuwamo.

Hathersage: arobaini na mbili, Idara ya Maji.
Fidia kwa mafungu. Nauli ya meli.
Kufunga na kusafirisha vyombo.
Hapo kwenye vyombo niliongeza mstari:
piano, moja; kreti ya mbao, misumari, wapagazi;
shilingi mia saba na ishirini.
Mkono haukutetemeka. Tumbo ndilo lililotetemeka.

Alisoma. Hawa watu wa maji husoma.
"Zablon," alisema, "mimi sina piano."
Nje vibarua walikuwa wakichimba mashimo ya milingoti,
sururu zikigonga mawe.
"Ndiyo, bwana," nikasema,
wala sikujua nimekubali nini.
Akatazama mlangoni, ambako Ndolo alisimama na kikapu cha barua.
Akarudi kwenye karatasi.
Hakutabasamu. Ningependa kusema alitabasamu.
Alitia saini, akafunga kalamu,
akaniuliza mvua itakatika lini.

Mpaka leo sijui kama alikuwa mwema
au alikuwa na haraka.

Ndolo alihesabu noti mara mbili.
"Hizi za nini?"
"Za Piano."
Akadhani ni idara. Akaishukuru.
Aliporudi Mbooni akaezeka mabati, nasikia,
na mgongo ukabaki ulivyokuwa.

Sasa nami hupanga foleni, fimbo mkononi,
na cheti changu cha kuwa hai.
Kijana wa dirishani huniuliza kila mwaka
kama kweli mimi ndiye mimi, na kama sijafa.
Namwambia, soma karatasi, mwanangu.
Kisha hunipa kalamu nitie saini,
na kila mara, pale penye nafasi chini ya jina langu,
mkono hutaka kuongeza mstari.